Haki ya Jirani katika Kuuza Nyumba na Kiwanja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuisimamisha milima juu yake, akawafanya wanadamu wakae humo wao kwa wao. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Amma baadu.

Ndugu Waislamu, swali la kijitabu hiki ni hili: Mtu akitaka kuuza nyumba yake au kiwanja chake, je, jirani yake ana haki yo yote juu yake? Mimi niliwahi kuulizwa swali hili nikalijibu kwa neno moja. Jibu langu lilikuwa sahihi katika kitabu, lakini watu walidhurika kwalo. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu kuliandika sasa jibu lililo kamili, ili asije mwingine akatumia nusu ya elimu kama nilivyoitumia mimi.

Kila aishiye Lushoto anaiona hali ya mji wetu. Wadachi walipokuja waliuita Wilhelmstal, wakaupenda kwa baridi yake, na kwa amri ya mwaka 1895 serikali yao ikaihesabu ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya Dola. Wazee wetu walijua uchungu wa ardhi kuondoka pasipo jirani kuulizwa. Leo hapana mtu anayetushurutisha. Sisi wenyewe twauza, na baridi ile ile ndiyo inayoleta wanunuzi. Barabara ya kutoka Mombo inapanda na watu wa Tanga na Dar es Salaam watafutao kiwanja cha kujenga nyumba ya kupumzikia au ya wageni. Wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama nao wanahitaji vyumba. Bei zimepanda, na madalali wamekuwa wengi. Haya yote si haramu, kwani Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara. Lakini penye bei nzuri ndipo mtu husahau haraka nani anakaa ubavuni mwake.

Sasa nitaeleza kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita walinijia ndugu watatu waliorithi shamba dogo la baba yao, chini kidogo ya chuo ninachosomesha. Wote watatu walikuwa wameridhia kuuza. Mnunuzi amepatikana, mtu mwema wa Dar es Salaam, mwenye fedha taslimu. Wakaniuliza: "Shehe, je, sheria inatulazimisha kumwambia mzee jirani yetu kabla ya kuuza?" Nikafungua Minhaji ya Imamu Nawawi, mlango wa shufaa, nikawajibu: "Hapana. Jirani hana shufaa katika madhehebu yetu." Wakaniaga kwa furaha, na katika juma lile lile wakauza.

Ndani ya shamba lile palikuwa na kijia kiteremkacho kwenye chemchemi. Mzee alikuwa akikipita kwa ruhusa ya marehemu tangu ujana wao, wala hapakuandikwa kitu. Mnunuzi akazungusha ukuta. Hakumdhulumu mtu kwa kujua, kwani hapana aliyemweleza habari ya kijia. Tangu siku ile mzee na wajukuu wake, pamoja na watoto wa chuo changu wanaoteka maji ya udhu, huuzunguka mgongo wa kilima kizima. Baada ya siku chache mzee alinijia, tulipokwisha sala ya Alasiri. Hakunilaumu. Aliniambia: "Mwalimu, nimesikia uliulizwa, nawe ulijibu kwa haki. Lakini nilikuwa na ng'ombe wawili na akiba kidogo. Lau ningaliambiwa, ningalinunua japo ule ukanda wa njia tu. Je, kitabu chako kilikukataza kuwaambia neno la pili?"

Sikuwa na la kumjibu. Haya niandikayo ndiyo neno la pili.

Jueni ya kwamba shufaa ni haki ya mshirika kuichukua sehemu aliyoiuza mshirika mwenziwe kwa mtu mwingine, kwa thamani ile ile iliyouziwa, ili aondokewe na dhara ya kushirikiana na asiyemchagua. Sisi Mashafii tunasema haki hii ni ya mshirika peke yake. Dalili yetu ni hadithi ya Jabir, ambayo maana yake ni kwamba shufaa ipo katika kila kisichogawanywa, na mipaka ikiisha kuwekwa na njia zikitengwa, basi hakuna shufaa. Imamu Abu Hanifa na wafuasi wake wakampa jirani naye shufaa, baada ya mshirika. Kila upande una dalili zake, na kadhi wa Kishafii hana njia ya kumnyang'anya mnunuzi kiwanja kwa ajili ya jirani tu. Hapo ndipo nilipofika mimi, nikafunga kitabu.

Lakini hukumu ya kadhi ni kama msingi wa nyumba. Asiyeuweka hana nyumba. Na nani aliyewahi kuhamia katika msingi mtupu akasema amekwisha jenga? Juu ya msingi ule yako mambo mengi ambayo kadhi hana amri nayo, na Mwenyezi Mungu atayauliza.

Tazameni kisa cha Abu Rafii, aliyekuwa mtumwa wa Mtume (s.a.w.) kisha akaachwa huru. Alikuwa na vyumba viwili ndani ya ua wa Saad bin Abi Waqqas, akamtaka Saad avinunue. Katika riwaya moja ya Bukhari, Saad alikataa kuzidisha zaidi ya dirhamu 4000, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Na Abu Rafii alikwisha kupewa na mwingine dinari 500, ambazo kwa hesabu ya dinari moja kwa dirhamu kumi ni dirhamu 5000. Hata hivyo alimpa Saad, akaeleza ya kwamba amefanya hivyo kwa sababu alimsikia Mtume akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ule ukaribu wake. Wanavyuoni wetu wameifasiri hadithi hii kwa njia mbili: wako wasemao kuwa jirani hapa maana yake ni mshirika, na wako wasemao kuwa makusudio ni wema na hisani, si haki ya kudaiwa mbele ya kadhi. Vyo vyote tutakavyoifasiri, swahaba yule aliacha dirhamu elfu moja kwa ajili ya mtu wa mlango wa karibu, wala hapana aliyemlazimisha.

Tena katika Sahihi ya Muslim imepokewa ya kwamba mwenye mshirika katika nyumba au mitende asiuze mpaka amwarifu mshirika wake. Imamu Nawawi, yule yule mwenye Minhaji, ameeleza katika sherehe yake ya Muslim kwamba kwa wanavyuoni wetu kumwarifu ni sunna, na kuuza kabla ya kumwarifu ni makuruhu. Basi fikirini. Mshirika ana nguvu ya shufaa mkononi, na bado ni sunna kumwarifu. Jirani asiye na nguvu hiyo, je, si mwenye haja zaidi ya kuarifiwa? Mshirika usipomwambia leo, kesho atadai haki yake. Jirani usipomwambia leo, hana kesho. Hii ni fahamu yangu mimi, si nasi ya kitabu. Ikiwa ni sawa, ni kwa taufiki ya Mungu, na ikiwa ni kosa, ni langu.

Kwa hiyo naona haki ya jirani katika mauzo ina daraja tatu.

Daraja ya kwanza ni kumwarifu. Hii haigharimu hata senti moja. Ni kwenda mlangoni kwake, kumsalimu, na kumwambia: "Ndugu yangu, nakusudia kuuza, na bei niliyopewa ni hii. Wasemaje?"

Daraja ya pili ni kumngoja muda wa wastani, apate kuuliza jamaa zake na kuhesabu alicho nacho.

Daraja ya tatu ni kumpunguzia bei, kama alivyofanya Abu Rafii. Daraja hii ni ya mtu katika mali yake mwenyewe tu. Msimamizi wa mali ya mayatima hana ruhusa kumpunguzia mtu bei kwa hisani, kwani hisani kwa mali ya mwingine ni dhuluma. Vile vile warithi: kila mmoja ana hiari katika fungu lake, wala hawezi kuwa mkarimu kwa fungu la dada yake.

Akisema msemaji: "Mali ni yangu, namwuzia nimtakaye," tutamjibu: Ndiyo, ni yako, na mauzo yako yanasihi. Lakini kiwanja si kama kanzu, ambayo ukiiuza unaivua na kuiondoa. Kiwanja hubaki pale pale ubavuni mwa jirani, na wewe ndiye unayeondoka. Tena katika milima yetu hii, tuta la aliye juu ndilo linaloshika udongo wa aliye chini, na mfereji wa mmoja ndio unywao na shamba la mwingine. Na ile bei nzuri uliyopewa, sehemu yake ni thamani ya jirani zako. Mnunuzi amependa utulivu wa mtaa, na usalama wake usiku, na miti iliyopandwa na wengine. Umeuza kazi yao pamoja na yako, nawe huoni haja ya kuwaambia hata neno?

Akisema: "Nina haja kubwa, mtoto yu mgonjwa, na mnunuzi ana fedha leo," tutamjibu: Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Haja yako yakuondolea daraja ya tatu, na pengine ya pili. Ya kwanza haikuondolei, kwani kufika kwa jirani ni mwendo wa dakika chache.

Akisema: "Jirani yangu ni maskini, hawezi kununua, kumwambia kuna faida gani?" tutamjibu: Mzee wangu naye alidhaniwa hivyo. Hata kama hawezi kununua, aweza kuomba njia yake itajwe na kuandikwa katika mkataba kabla ya mnunuzi kulipa. Tofauti ya kijia cha ruhusa na kijia cha haki ni mstari mmoja wa wino, na mstari ule ungewaokolea watoto wangu safari ya kilima kila siku.

Wala asidhani mtu kwamba muhuri wa serikali unatosha. Kwa Sheria za Ardhi za mwaka 1999, ya nne na ya tano, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ardhi ya kijiji haihamishwi kwa mtu asiye mkazi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Ni sheria nzuri, na Muislamu aifuate. Lakini halmashauri hutazama karatasi. Mlango wa jirani hupigwa hodi na mwenye nyumba mwenyewe.

Hapa yapo mambo mawili ambayo yafaa niyataje kwa ufupi. La kwanza ni mpangaji. Wengi wetu huwatoza wapangaji kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja, kisha bei ikija huwatoa kabla ya muda wao. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba nyumba iliyokodishwa yaweza kuuzwa, lakini ukodishaji hauvunjiki kwa mauzo hayo. Mnunuzi atangoje muda uishe. Mpangaji naye ni jirani, naye astahili kuarifiwa. La pili ni dalali. Ujira wake ni halali akisema kweli. Akipandisha bei kwa mnunuzi wa uongo, au akimshauri muuzaji afiche habari ili jirani asije akaomba kitu, basi amekula haramu.

Wala neno langu lisifahamike kuwa ni chuki kwa wageni. Watu wa Madina hawakuwafungia milango Muhajirina. Mgeni akiisha kununua amekuwa jirani, ana haki zote za jirani, hata kama nyumba yake huwashwa taa mara mbili tu kwa mwaka. Naye ana wajibu wake: kabla ya kujenga ukuta aulize ni nani apitaye hapo. Wala haki hizi si za Waislamu peke yao. Katika mji wetu wako Wakristo wengi, na Abdallah bin Amr alipochinja mbuzi aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Aliyeuliza hivyo kwa nyama ya siku moja, angelisemaje kwa ukuta wa umri mzima?

Ndugu zangu wanavyuoni na walimu wa vyuo, mwisho wa maneno yangu ni kwenu. Watu hutujia kuuliza: "Je, nalazimika?" nasi hupenda kujibu swali kwa kadiri yake. Baada ya kisa hiki nimeweka ahadi na nafsi yangu: anijiaye kwa habari ya kuuza, nitamwambia hukumu ya kitabu bila kuipotosha, kisha nitamwuliza, "Jirani yako amesemaje?" Wengine huchukizwa. Wengine husimama, wakarudi nyumbani, na kupiga hodi.

Kwa yule mnunuzi nilikwenda mwenyewe pamoja na mzee. Alitupokea kwa heshima, akasema lau angalijua asingaliujenga ukuta pale. Sasa umesimama, na gharama yake ni kubwa. Ameahidi kufikiri. Hata leo tunazunguka kilima, na kila nikisikia ndoo za watoto zikigongana alfajiri, najua ni jibu langu linalotembea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atusamehe tuliyoyanyamazia, na atufanye majirani ambao watu hawaogopi kukaa karibu nao. Wallahu aalam.