Haki ya Kumtoa Mgeni

Katika nyumba ya Waswahili mgeni hupiga hodi akangoja. Asipoitikiwa mara ya kwanza hurudia, na asipoitikiwa mara ya tatu hujiendea zake bila ya kinyongo. Desturi hii ni ndogo kwa kuitazama, lakini imebeba maana kubwa. Inakiri kwamba mlango una mwenyewe, na kwamba neno la karibu ni mali yake, aweza kulitoa au kulizuia. Hata mgeni aliyekwisha karibishwa hakupewa nyumba. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; tena mwenyeji ana haki, kwa adabu, ya kumwonyesha njia ya kurudi kwao.

Kompyuta ya mtu binafsi ni nyumba ya namna hiyo. Ndani yake mna barua zake, hesabu zake, picha za watoto wake, na pengine mswada wa kitabu ambao hajaumaliza. Walakini programu nyingi huingia humo bila ya hodi, au kwa hodi ya kunong'ona ambayo mwenyewe hakuisikia. Na zikiisha kuingia, hazitaki kutoka. Kutokana na jambo hili yazuka maswali mawili ya maadili. La kwanza, je, mtu aliyesema ndiyo kwa jambo asilolijua amesema ndiyo? La pili, mtu asiyeweza kukitoa asichokitaka katika kitu chake, ni mwenye kitu hicho kweli?

Njia za kuingilia ni nyingi. Baadhi ya programu hutiwa na mtengenezaji au muuzaji kabla kompyuta haijafika mkononi mwa mnunuzi. Nyingine huja nyuma ya programu ya bure: mtu ametaka chombo kimoja, akapewa na cha pili kinachombadilishia ukurasa wake wa kutafutia habari, kwa sababu kijisanduku cha kukubali kilikwisha tiwa alama kabla yeye hajakiona. Nyingine huletwa na masharti marefu yaliyoandikwa kwa lugha ya mawakili, na mwisho wake ni kitufe kimoja cha kukubali.

Kutoka kwake hakulingani. Programu nyofu huondoka kwa urahisi: katika Windows jina lake limo katika orodha ya programu zilizowekwa, mwenyewe hulichagua, akaamuru iondolewe, nayo ikaenda. Isiyo nyofu huacha mizizi. Hujiandika katika orodha ya mambo yanayoanza pamoja na kompyuta, au katika ratiba ya kazi zake, ili ikikatwa leo ichipue kesho. Mbaya kupita zote ni ile inayojificha hata kwa mfumo wa kompyuta wenyewe, maana mtu hawezi kumtoa mgeni asiyemwona.

Mwaka 2005 ulitoa mfano wa jambo hili ambao haujasahaulika. Kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza diski za nyimbo zilizotiwa programu iitwayo XCP, kazi ya kampuni ya Uingereza, First 4 Internet. Diski zenye programu hiyo zilikuwa za majina zaidi ya 50. Kusudi lake lilikuwa kuzuia nyimbo zisinakiliwe ovyo. Mnunuzi alipotia diski katika kompyuta yenye Windows alionyeshwa masharti, na alipoyakubali programu ilijiweka. Masharti hayo hayakumwambia kwamba programu itajificha, wala hakuachiwa njia ya kuiondoa. Kila faili lililoanza kwa alama $sys$ katika jina lake lilitoweka machoni pa mwenye kompyuta. Tarehe 31 Oktoba 2005 Mark Russinovich, bingwa wa mfumo wa Windows nchini Marekani, alitangaza kwamba ameikuta katika kompyuta yake mwenyewe. Alipoyafuta mafaili yake, kiendeshi cha diski kiliacha kufanya kazi, ikambidi atumie ujuzi wake kukirudisha. Yeye aliweza kwa kuwa ni bingwa. Asiye bingwa angefanya nini?

Yaliyofuata yana mafunzo zaidi. Baada ya siku chache waovu walitunga programu zao na kuzipa majina yaliyoanza kwa alama ile ile, zikajificha nyuma ya pazia lililotundikwa na kampuni. Kampuni nayo ilipotoa njia ya kuiondoa XCP, mtu alitakiwa kwanza ajaze fomu ya maombi na kutoa anwani yake ya barua pepe. Kisha Ed Felten na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton wakaonyesha kwamba chombo hicho cha kuondolea kiliacha tundu ambalo tovuti yoyote ovu ingeweza kulipitia. Mgeni alitoka, lakini mlango ukabaki wazi. Mwezi Novemba kampuni ilianza kuzirudisha diski zake kutoka madukani. Mwaka 2007, katika mapatano na tume ya biashara ya serikali ya Marekani, ilikubali kuwalipa hadi dola 150 watu ambao kompyuta zao ziliharibika walipojaribu kuiondoa programu.

Haki yataka upande wa pili nao usikizwe. Mwimbaji hula kwa jasho lake kama mkulima, na anayenakili nyimbo na kuzigawa bila ya ruhusa huvuna asichopanda. Basi kampuni ilikuwa na haki ya kuilinda mali yake. Lakini haki ya kulinda shamba si haki ya kulala katika nyumba ya jirani ili kumvizia asije akaiba. Zaidi ya hayo, waliopatwa na madhara ni wale walioinunua diski kwa fedha zao. Aliyejipatia nyimbo zile zile kwa wizi hakukutana na programu hiyo kabisa. Ulinzi unaomwadhibu mwaminifu na kumpita mwizi umekwisha kuipoteza sababu yake.

Mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo alisema redioni kwamba watu wengi hawajui hata programu ya namna hiyo ni kitu gani, basi kwa nini waijali? Katika neno hilo limo kosa lote. Aliyeibiwa usingizini ameibiwa. Kutojua kwa mwenye kudhulumiwa hakupunguzi dhuluma. Huizidisha, kwa kuwa kunamnyima hata nafasi ya kulalamika.

Ridhaa, basi, husimama juu ya mambo matatu: kujua, kuweza kukataa, na kuweza kughairi. Yamkini mtu atasema kwamba mnunuzi alibonyeza kitufe, na neno ni neno. Lakini anayeandika masharti marefu ajua kwamba hayasomwi, na amejenga shughuli yake juu ya kutosomwa kwake. Yako kweli mapatano yasiyovunjwa kwa kughairi. Mdaiwa hafuti deni kwa kujuta. Walakini deni lina kiasi na lina siku ya mwisho. Programu isiyoondoka haina kiasi wala mwisho, na mapatano ya namna hiyo yanafanana zaidi na utumwa kuliko deni.

Hata hivyo mwenye kompyuta naye hana budi kujihukumu. Pupa ya cha bure na haraka ya kubonyeza ndizo zilizoacha milango mingi wazi. Wahenga walisema rahisi ghali. Tena uzembe wake haumdhuru yeye peke yake, maana kompyuta iliyotekwa hutumwa kupeleka barua za ulaghai kwa maelfu ya watu bila ya mwenyewe kujua. Kuisafisha ni deni kwa majirani. Na kazi hiyo yataka utaratibu: kwanza kuweka nakala za mafaili yaliyo muhimu, kisha kuondoa kwa njia iliyo halali, na kujihadhari na programu ngeni zinazoahidi usafi, kwa sababu baadhi yao ndizo uchafu wenyewe. Ikishindikana, hubaki kufuta yote na kuweka mfumo upya. Huko ni kubomoa nyumba ili kumtoa mgeni mmoja, na kipimo cha kosa la mgeni ni gharama hiyo anayomtwika mwenyeji.

Stakabadhi ya duka huthibitisha kwamba mtu amelipa fedha. Haithibitishi zaidi ya hapo. Umiliki wa kitu huonekana siku mwenyewe anaposema hapana, na hapana yake ikatiiwa. Anayetunga programu na kuiwekea njia nyofu ya kutokea amemheshimu mtu huyo kabla hawajaonana. Anayeiziba njia hiyo, hata kama alipiga hodi na kuitikiwa, ameichukua nyumba.