Nani Kasema Imezeeka?

Ndugu msomaji, hebu tuulizane jambo moja ambalo madukani halipewi nafasi. Kitu huzeeka lini? Mtu tunamjua: mvi zinatoka, magoti yanalalamika, wajukuu wanaanza kumtania. Embe nalo tunalijua. Lakini kompyuta iliyo juu ya meza, inayowaka ukiiwasha, inayoandika "a" ukibonyeza "a" leo kama ilivyoandika miaka 8 iliyopita, hiyo imezeeka lini? Na nani kapewa mamlaka ya kuitangazia uzee wake?

Msidhani hili ni swali la kupotezea jioni kibarazani. Tarehe 14 Oktoba 2025 lilipata jibu, na waliojibu hawakutuuliza mimi wala wewe. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, programu iliyotoka Julai 2015 na ambayo ndiyo watu wengi tulijifunzia kazi. Mashine hazikuzimika. Asubuhi yake ziliwaka kama kawaida. Kilichokoma ni vile viraka vya usalama vilivyokuwa vinakuja kila mwezi kuziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni huyatafuta. Anayetaka viraka viendelee ahamie Windows 11, na hapo ndipo penye mkasa, kwani Windows 11 inadai mashine iwe na kinga iitwayo TPM 2.0, na prosesa yake iwe kwenye orodha ya kampuni. Kwa zile za Intel Core orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8. Kizazi cha 7 na vya nyuma yake, ukiondoa vichache mno, mlango umefungwa, hata kama mashine yenyewe ina nguvu za punda. Waliojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 2026, kama mpangaji anayeongezewa siku na mwenye nyumba.

Sasa tazama kinachotokea. Kampuni na ofisi za Ulaya zinabadilisha kompyuta zao kwa ratiba, iwe zimechoka au hazijachoka. Zinazotolewa zinanunuliwa kwa jumla, zinafutwa vumbi, zinapakiwa, na baada ya safari ndefu unazikuta Kariakoo zimepangwa kama matofali. Nazungumzia hasa vile visanduku vidogo: OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk Mini ya HP, ThinkCentre Tiny ya Lenovo. Kimoja ni kama kamusi kubwa kwa umbo, ujazo wake lita moja hivi, kinatumia adapta kama ya laptopu, na unaweza kukifunga nyuma ya skrini kisionekane kabisa. Kwa kijana anayepanga chumba kimoja Mbagala au Manzese, na meza yake ndiyo ya kulia chakula, si jambo dogo.

Wazo la kuuza kompyuta ndogo isiyo na mbwembwe si la jana. Januari 2005 Apple walitoa Mac mini kwa dola 499, bila skrini, bila kibodi, bila kipanya. Ulete vya kwako. Februari 2012 Waingereza wakatoa Raspberry Pi ya dola 35, upana wake kama kadi ya benki, lengo likiwa watoto wajifunze kuandika programu. Wapo wanaoisifia kuwa ndiyo kompyuta ya maskini. Mimi naipenda, lakini sikubali. Ukishanunua chaji yake, kasha lake, kadi ya kuhifadhia na waya wa skrini, ile bei ya kwanza unaikumbuka kama hadithi ya bibi. Ni mwalimu mzuri. Kwa kazi za nyumba nzima, kisanduku cha ofisi kinaishinda.

Vipo pia visanduku vipya, kitu na boksi, kutoka viwanda vya China, vingi vikiwa na prosesa ya Intel N100 iliyotoka 2023. Umeme vinakula kwa kulamba tu na kazi ndogondogo vinazimudu. Shida yake ni kwamba jina lililoandikwa juu ya kasha huenda mwakani likawa halipo tena, na adapta ikifa hujui umlilie nani.

Mshikaji wangu mmoja, mwandishi mwenzetu, ananipinga kwa hasira nzito. "Kila siku sisi," anasema. "Suruali waliyovua wao, gari waliloendesha wao, sasa hata kompyuta waliyochoka nayo. Lini na sisi tutafungua boksi?" Sitaki kumcheka. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na huyu bwana hadai kidonda, anadai heshima. Kuna unyonge fulani katika kuishi kwa kusubiri mwingine achoke. Tena woga wake una msingi. Pale Agbogbloshie, jijini Accra, kwa miaka mingi vijana wa rika letu walichoma nyaya za vyombo chakavu ili wapate shaba, wakivuta moshi wake, mpaka lile eneo lilipobomolewa mwaka 2021. Tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unadai taka yoyote ya vyombo vya umeme isivushwe mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia. Sheria nzuri. Lakini inatuachia fumbo letu palepale, maana kompyuta inayofanya kazi haihesabiwi kuwa taka. Ni kitu kilichotumika. Je, ile ambayo mwenye programu ameitangaza marehemu na huku inapumua, tuiweke fungu gani?

Hapo ndipo ninapotofautiana na mshikaji. Yeye anauliza kitu kimetoka kwa nani. Mimi nauliza kimebakiza nini. Kwa kisanduku kidogo kisichokula umeme mwingi, sehemu kubwa ya hasara iliyopata dunia ililipwa siku kilipotengenezwa: bati la kuungia, dhahabu kidogo kwenye ncha za waya, tantali ambayo huenda ilichimbwa huko Kivu kwa jasho la mtu asiyewahi kugusa kibodi. Hayo yote yameshafanyika na hayarudi mgodini. Kukitupa kwa sababu tarehe imefika, na kuchimba upya ili mimi nifungue boksi, kwangu hiyo si heshima. Ni ubishoo tu.

Tukumbuke pia kwamba nchi hii iliwahi kuliuliza swali la kompyuta kwa sauti kubwa kuliko sisi. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Mashine zenyewe hazikuwa ngeni, kwani Wizara ya Fedha ilikuwa imeshazionja miaka ya 1960. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, na wengi huisimulia leo kama kichekesho. Nami nacheka, lakini nusu mdomo. Kosa, nadhani, lilikuwa katika kuwajibia watu wote kwa mpigo mmoja. Lakini kuuliza "tunaihitaji kwa kazi gani?" halikuwa kosa, na siku hizi hakuna anayeuliza tena. Muuzaji anakuuliza una shilingi ngapi, basi.

Tuulize basi. Sisi tunaoandika tunahitaji nini? Maneno ni mzigo mwepesi kuliko yote. Riwaya ya kurasa 300, maneno matupu bila picha, haizidi sana kilobaiti 600. Diski ya gigabaiti 256, ambayo watu wanaibeza kuwa ndogo, inameza riwaya zaidi ya 400,000 za namna hiyo. Nani kati yetu ameshamaliza hata moja? Kinachochosha mashine si hadithi zetu. Ni kurasa 20 za intaneti zilizofunguliwa kwa pamoja na video inayocheza pembeni. Kwa hiyo memori ya gigabaiti 8, na diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, vinatosha nyumbani. Hapa simung'unyi maneno. Mashine ya kizazi cha 6 yenye SSD itakufurahisha kuliko mpya ya bei hiyohiyo iliyobanwa memori.

Na umeme? Kisanduku kinachotumia wati 10 kwa saa 5 kila siku kinamaliza uniti 1.5 za LUKU kwa mwezi. Lile kasha kubwa la zamani, tuseme wati 60, linamaliza 9. Skrini iko mbali na hesabu hizo. Ila tusidanganyane, kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika katikati ya sentensi, sentensi imekwenda. Ambaye mtaani kwake umeme unakatika kila jioni, na hana UPS, anunue laptopu na asinisikilize mimi.

Mpaka hapa mambo ni mepesi, kwa sababu nazungumza juu yangu mwenyewe. Mimi Linux inanitosha: haina bei, LibreOffice inaandika kila ninachotaka, na viraka vya usalama vinakuja bila kujali kizazi cha 6 wala cha 8. Uzito uliingia mwaka huu, mama mdogo alipogawiwa fedha za kikoba chao. Aliniwekea laki 6 mezani akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayezijua. Ninunulie ya nyumbani. Wadogo zako wasomee, na mimi niandikie hesabu za kikoba."

Nenda wewe kachague hapo. Kizazi cha 6 kilikuwa na nafuu ya kama laki na nusu, na mimi kwa ajili yangu ningekichukua bila kupepesa macho. Lakini daftari la kikoba si riwaya yangu. Lina majina ya akina mama 30, namba zao za simu, nani kakopa, nani hajalipa. Tundu likibaki wazi kwenye mashine isiyotunzwa, mwenye kuumia si mimi niliyesifu kutosha. Basi nimwekee Linux? Itafanya kazi, naam, lakini siku ikigoma, fundi wa pale mtaani anaijua Windows peke yake, na mama mdogo atanisubiri mimi. Nikihama mji je? Nitakuwa nimemtoa kwenye mkono wa kampuni nikamfunga kwenye mkono wangu, halafu niite huo uhuru.

Nadhani hapa ndipo swali la uzee linapogeuka. Nilikuwa na haki ya kubishana na tarehe ya Microsoft kwa mwili wangu, kama mtu anavyoweza kuamua kufunga. Kumfungisha mwingine bila kumwambia ni jambo jingine kabisa. Anayenunua kwa fedha yake ananunua kitu. Anayenunua kwa fedha ya mwingine ananunua pia imani ya yule mtu, na hiyo haiuzwi mtumba. Basi nikamweleza yote, kwa maneno ya jikoni: ipo ya bei ndogo ambayo mlinzi wake ameacha kazi; ipo ya bei ya kati, mtumba vilevile, ambayo mlinzi wake bado yuko; ipo na njia ya tatu ambayo mlinzi hana mshahara ila mimi ndiye nitakayemfungulia geti. Akauliza tu, "Huyo mlinzi wa pili analindaje, naye si wao wenyewe waliomfukuza yule wa kwanza?" Sikuwa na la kumjibu, na nikamwambia hivyo.

Alichagua ya kati. Kariakoo sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo nilisimama pale kaunta mpaka kijana wa duka akanichoka. Namba ya prosesa kwanza: i5-8500T, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi, na T maana yake ni ya kubana umeme. Nikaingia kwenye BIOS kuona kama haina neno la siri la ofisi ilikotoka, kwa maana ukifungiwa pale umenunua kizuia mlango. Nikaangalia afya ya diski. Nikauliza waifai, haikuwamo. Nyingi za ofisi hazina, zilizoea waya. Nyuma ina tundu la DisplayPort, skrini yetu inataka HDMI, kwa hiyo waya wa kubadilisha ukaongezeka, na kidude cha waifai, na skrini ya mtumba yenye mkwaruzo pembeni. Laki 6 ikabaki nauli.

Imekaa sebuleni, juu ya meza ya cherehani. Wadogo zangu wanagombea zamu. Jioni ya kwanza mama mdogo aliandika majina 4 kwa kidole kimoja, akapumzika, akanigeukia. "Na huyu mlinzi wetu, naye wataniambia lini kwamba ameacha kazi?" Nikamweleza kuwa Windows 11 yenyewe hawajaipangia siku ya mwisho. Akasema wakiipanga nimwambie mapema, kikoba kianze kuchanga.