Afisa wa Probesheni Akibisha Hodi



Ndugu zangu katika imani, Abu Daud amepokea kisa cha Abbad bin Shurahbil, radhi za Allah ziwe juu yake. Ulikuwa mwaka wa njaa. Akaingia shamba la mtu Madina, akapukusa masuke, akala, mengine akayafunga nguoni. Mwenye shamba akamkuta, akampiga, akamvua nguo akaichukua. Shauri likafika kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam. Akamkabili mwenye shamba: huyu alikuwa hajui, hukumfunza, alikuwa na njaa, hukumlisha. Akaamuru nguo irudishwe, na Abbad akapewa chakula, wasaq nzima au nusu yake. Wasaq ni pishi 60. Hebu pimeni wenyewe: aliyeshikwa na masuke aliondoka na pishi zisizopungua 30, na aliyeulizwa ni mwenye shamba.

Nalisema hili kwa sababu ya mama mmoja aliyenijia baada ya Isha, hapa hapa Mombasa. Mwanawe, miaka 19, aliiba simu dukani. Kosa lake la kwanza, naye amekiri. Hakimu hakumfunga papo hapo. Aliagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa akaja mtaani, akauliza. Mama akawa asokota ncha ya leso: “Ustadhi, majirani watatu wamesema apelekwe tu.”

Sheria ya Kenya ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu, kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, kumpa mkosaji kazi ya umma isiyo na ujira: kupanda miti, kutengeneza barabara, kukarabati shule. Ipo pia amri ya probesheni, miezi 6 hadi miaka 3 chini ya uangalizi. Ndicho tunachokiita kifungo cha nje. Lakini hakimu hamjui kijana. Anamjua kwa midomo yetu.

Simwambii mtu aseme uongo. Ukimjua kwa ukorofi, sema. Ila kama umemwona akikua, ukaona baba alivyokufa na shule ilivyokatika, hilo nalo ni ushahidi. Kulificha ni dhuluma. Tumetamka “apelekwe” kwa wepesi mno, kana kwamba hatarudi. Atarudi, na atakuwa amelala ubavu kwa ubavu na watu waliozoea uhalifu.

Mateka wa vita vya Badr walikuja kutuua. Waliojua kusoma na wasiokuwa na fidia, walifundisha watoto kumi kumi wa Madina kuandika, wakaachiliwa. Huyu wetu ameiba simu.

Seremala mmoja wa safu hii alisema, mleteni kwangu. Leo kijana huyo wa simu anasukuma randa, maranda yamemganda miguuni, na kila Ijumaa analeta kidogo cha kumlipa mwenye duka. Haki ya mja haifutwi kwa machozi ya toba pekee. Simu ile lazima ilipwe.

Sasa yuko mwingine, kesi yake inatajwa Alhamisi. Afisa atapita kwetu kabla ya hapo. Fundi wa magari, fundi wa umeme, mshonaji, yeyote mwenye nafasi ya mkono mmoja: nawangoja hapa kwenye mihrabu baada ya sunna.