Utulivu Ni wa Nani?

"Pabaki hivi hivi." Maneno hayo niliyasikia mara tatu katika siku nne nilizokaa Mafia, kila mara kutoka kwa mgeni. Kwa mwenyeji sikuyasikia hata mara moja.

Ni maneno ya upendo, na aliyeyasema hakuwa na nia mbaya. Lakini nasomea shahada ya uzamili katika falsafa, na maneno ya upendo ndiyo yanayonipa kazi kubwa zaidi. Mtu anayeondoka keshokutwa ana haki gani ya kutaka mahali pasibadilike?

Kwanza niseme kinachosifiwa, maana si uongo. Kutoka Nyamisati, chombo hupita kati ya mikoko ya delta ya Rufiji, kisha hukata bahari hadi Kilindoni. Kutoka Kilindoni barabara huvuka kisiwa mpaka Utende, na mbele ya Utende ndipo ilipo ghuba ya Chole. Kisiwa cha Chole hakina magari. Utasikia jogoo, adhana, kengele ya baiskeli, nyundo ya fundi wa mashua, na jioni popo wakubwa wakiamka mitini na kugombana kabla ya kuruka. Maji yakipwa, wanawake hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza. Ukiwa umetoka kwenye foleni ya Mbagala, unahisi mabega yakishuka yenyewe.

Utulivu huo ni jambo jema. Ninachouliza ni umetengenezwa na nini.

Sehemu ya jibu iko kwenye magofu. Juani, kisiwa jirani, kuna mji wa Kua: misikiti, makaburi, na jumba lililomezwa na msitu. Kua ilivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na baada yake Chole ikawa mji mkuu wa visiwa hivi. Wajerumani nao walitawala kutoka Chole mpaka mwaka 1913, walipohamishia makao yao Kilindoni. Leo kuta za majengo ya wakati ule zimeshikwa na mizizi, na wageni huzipiga picha kama alama ya amani. Kumbe utulivu wa Chole una tarehe. Ndio uliobaki ofisi na biashara vilipohama, watu wakaachwa na bahari yao.

Sehemu nyingine ya jibu nilipewa na nahodha aliyenivusha kwa tanga.

"Hapa kwenu pametulia, mzee," nilimwambia.

"Pametulia, mwanangu," aliitikia, huku akilegeza kamba. "Lakini usiku mgonjwa akizidiwa, na upepo hakuna, utulivu huu huu ndio unaomuua."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza hali ya kazi yake. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, ng'ambo ya maji na kisha mwendo wa barabara. Kimya nilichokuwa nakisikia kama raha, yeye alikisikia kama kukosekana kwa mashine.

Tangu hapo naona utulivu wa aina mbili. Kuna utulivu ambao watu wameuchagua, na kuna utulivu unaotokana na kukosa. Kwa nje hufanana kabisa, na kamera haiwezi kuutofautisha. Mgeni husifu vyote viwili kwa pumzi moja.

Mfano mzuri wa ule wa kuchaguliwa upo Mafia kwenyewe. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji vinavyoishi kwa bahari hiyo hiyo. Kabla ya hapo baruti zilikuwa zikilipuliwa kwenye matumbawe, mara nyingi na wavuvi waliotoka kwingine, na wenyeji wengi walitaka zikome. Baruti huua samaki mkubwa na mdogo kwa pamoja, kisha hubomoa mwamba ambao wengine wangezalia. Kimya kilichofuata baruti ni kimya ambacho watu walikidai.

Hata hicho kina bei, na bei haikugawanywa sawa. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyeishi Chole katika miaka ya 1990, ameeleza katika kitabu chake Rough Waters jinsi matumaini ya wenyeji kwa hifadhi yalivyogeuka kuwa manung'uniko. Naweza kuielewa hesabu yao. Mimi nililipa kiingilio getini, nikapita. Mvuvi aliyezuiwa kutega kwenye mwamba wa baba yake hulipa kila bamvua.

Mwenzangu wa darasani alinipinga nilipomweleza haya. Kama mgeni hana sauti, alisema, basi tuwaache wenyeji wafanye watakavyo hata matumbawe yafe? Hoja yake ina uzito. Papa potwe wanaofika karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi si mali ya kijiji chochote. Watoto ambao hawajazaliwa hawakai kwenye mikutano ya kijiji. Bahari ni amana, na mwenye amana si mmoja.

Nakubali neno hilo, amana, lakini nalichukua pamoja na sharti lake la zamani. Ukimwachia jirani mbuzi wako akutunzie, majani ya mbuzi ni juu yako. Anayetunza hadaiwi gharama, na kumpa mzigo huo kisha kumsifu kwa uaminifu wake ni dhuluma. Kama dunia nzima inasema matumbawe ya Mafia ni yake pia, basi dunia nzima inadaiwa na wavuvi wa Mafia, na deni hilo halilipwi kwa pongezi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Utalii umetafuta njia ya kuikwepa siku ya tatu. Mgeni huondoka kabla haijafika, au hulipa ili jembe lishikwe na mwingine. Kiingilio cha hifadhi ni jembe dogo, lakini ni jembe. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mgeni anaweza kuutaka utulivu wa kuchaguliwa kwa kiasi kile anachokubali kubeba gharama yake. Kuhusu utulivu wa kukosa, hana ruhusa ya kutamani chochote ila uishe.

Yule nahodha anaweka akiba anunue mashine. Ikifika, ghuba itakuwa na mlio, na mgeni fulani ataandika kwamba Chole ya zamani ilikuwa nzuri zaidi. Huenda nami nikirudi nitalikumbuka tanga lile, jinsi lilivyotuvusha bila sauti ila ya maji ubavuni. Kumbukumbu hiyo ni yangu, na si hoja dhidi ya mashine yake.