Je, Mnunuzi Anyamaze?

Huko Hispania, karibu na Valencia, ndugu watatu wa jamaa ya Lladró walianza katika miaka ya 1950 kufanyiza sanamu ndogo za kauri. Mwaka 1968 wakaongeza chapa nyingine, Nao, ya bei nafuu, wengi hawaijui.

Mwenye kuzikusanya huigeuza sanamu, akasoma chapa chini yake. Basi, ameona moja sokoni kwa mama mjane, aiuzaye kwa bei ya kikombe kikuukuu. Anyamaze?

Wengine hujibu: maarifa ni mali yake, aliyatafuta kwa taabu. Kweli. Lakini mjane akimwuliza, «Bwana, kitu hiki ni nini?», kumficha ni uwongo, hapo hatubishani. Asipouliza ndiyo shida. Lakini atauliza namna gani jambo asilolijua? Sisi twaona amwambie, hata bei ikipanda naye arudi mikono mitupu.