Tumpelekee Nani Kilio Chetu?

Mwezi wa Novemba Mama Kanisa atualika kwa namna ya pekee kuwaombea marehemu wetu. Katika siku zizo hizo vijana wetu, na wazee kadhaa pamoja nao, hawaachi kwenda kusikiliza bendi za dansi. Wazazi wengi hufadhaika, wakidhani kwamba makaburi na dansi hayawezi kutajwa pamoja katika nyumba ya Kikristu. Sisi twaona yafaa kulipima jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa katika muziki huo mna sauti ambayo haitupasi kuizibia masikio.

Tuchukue mfano mmoja. Marehemu Remmy Ongala alizaliwa Kongo mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, akajulikana mno pamoja na bendi ya Super Matimila, hata watu wakamwita Daktari. Mojawapo ya nyimbo zake zilizopendwa yaitwa "Kifo". Humo mwimbaji ayalaumu mauti kwa kukosa huruma. Lakini wimbo huo si wa matanga. Ni wimbo wa dansi, wenye magitaa ya kuinua miguu. Hatusemi kwamba kila alichoimba kilipatana na mafundisho ya Kanisa, la hasha. Twasema tu kwamba watu walicheza, na katika kucheza wakakumbushwa kufa kwao.

Je, huo ni upuuzi? Wahenga walinena kwamba kifo cha wengi ni arusi. Mtu aliyefiwa akilia peke yake chumbani, msiba humwelemea. Bali akiusikia msiba wake ukiimbwa mbele ya umati, huku wote wakiitikia, atambua kwamba jirani asiyemjua naye amezika. Ndiyo faida ya muziki unaopigwa mbele ya watu: mpigaji na msikilizaji wahema hewa moja, na huzuni ya mmoja yawa ya wote. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba furaha na uchungu wa watu, hasa wa maskini, ni furaha na uchungu wa wafuasi wa Kristu pia. Basi anayedharau kilio cha dansini ajiangalie asije akawa anawadharau wanaolia.

Hata hivyo kilio hicho kina upungufu, nao si mdogo. Tukumbuke habari za Lazaro katika Injili ya Yohane, sura ya 11. Martha alikuwa na lawama kama za mwimbaji wetu: ndugu yake amekufa, na msaada haukufika kwa wakati. Lakini yeye hakuyalaumu mauti. Alitoka nje ya kijiji akampelekea Bwana lawama zake. Yesu hakumkaripia. Alimfunulia kwamba Yeye ndiye ufufuko na uzima. Tena, alipomwona Mariamu na wenzake wakilia, akalia machozi mwenyewe kabla ya kumwita marehemu kutoka kaburini. Mauti hayana masikio. Ukiyalaumu usiku kucha, asubuhi hayajajibu neno. Kristu anayo masikio, tena anayo machozi. Tofauti ya wimbo na sala yaweza kuwa hiyo tu: maneno ni yale yale, ila anayeambiwa ni mwingine.

Kwa hiyo, enyi akina baba na akina mama, kijana arudipo kutoka dansini msianze kwa ugomvi. Mwulizeni ameimbiwa nini. Akisema ameimbiwa kifo, mwulizeni ni marehemu yupi aliyemjia moyoni, babu au rafiki, kisha mtajeni marehemu huyo katika Rozari ya jioni, na kumwombea nia ya Misa parokiani. Hapo wimbo utakuwa umepata jibu lake.

Nanyi vijana, msidanganyike. Dansi ya Jumamosi inayowanyima Misa ya Dominika imewaibia. Ukumbini mmekusanywa na gitaa, nalo likinyamaza kila mtu ashika njia yake. Altareni mmekusanywa na Yeye aliyekufa akafufuka, na hapo walio hai na marehemu wao hawatengani. Msiende kulia mahali pasipo na mfariji, mkapakimbia mahali alipo.

Remmy Ongala mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili, akafariki dunia Desemba 2010. Yaliyokuwa moyoni mwake Mungu ndiye ajuaye, nasi hatuhukumu. Lakini safari hiyo, ya kutoka katika kuyalaumu mauti mpaka kumwimbia Bwana wa uzima, yatupasa sisi sote kuifanya kabla saa yetu haijafika.

Ee Bwana, uwape marehemu wetu raha ya milele, nasi utufundishe kulia mbele yako. Amina.