Mke Mwema Hakuwa Peke Yake

Somo: Mithali 31:10–31



Somo hili tunalisoma sana kwenye harusi, na bibi harusi huondoka kanisani amebebeshwa mzigo mzima: aamke kabla hakujapambazuka, alishe, avike, afanye biashara, asichoke. Wiki hii tulisome lote.

Mwanamke huyu ana kazi yenye kipato. Analikagua shamba na kulinunua. Anashona nguo na kuwauzia wafanyabiashara. Biblia haimlazimishi achague kati ya kazi na nyumba yake. Lakini mstari wa 11 unasema mumewe anamwamini. Mstari wa 15 unataja wajakazi anaowapa sehemu yao. Mstari wa 28, watoto na mume wanamsifu. Huyu ana watu nyuma yake.

Tutazame sasa nyumba zetu. Muuguzi ametoka zamu ya usiku. Akishuka kwenye daladala anapitia sokoni kununua nyanya na dagaa. Anafika nyumbani na kukuta vyombo vya jana vingali kwenye beseni, sare za watoto hazijafuliwa, na mume anauliza chai iko wapi. Jumapili akisinzia kwenye mahubiri, tunasema imani yake imepoa. Ndugu zangu, huyo hajapoa. Amechoka, na sisi tumemwacha achoke peke yake.

Akila na Priskila walishona mahema pamoja, na kanisa lilikutana nyumbani kwao. Agano Jipya kila linapomtaja mmoja, humtaja na mwenzake. Ndoa yao ilibeba kazi, nyumba na huduma kwa mikono minne.

Mama mpendwa, kuomba msaada si udhaifu, wala kupumzika si uvivu. Na dada wa kazi anayekulelea watoto ni binti wa watu: apate mshahara wake kwa wakati, na nafasi ya kuja ibadani.

Waajiri mlio kati yetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto wake. Hiyo ni haki yake. Asiipate kwa kubembeleza.

Nanyi akina baba, kuosha vyombo hakumpunguzii mtu ukichwa wa nyumba. Kristo, aliye kichwa cha Kanisa, alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Wiki hii keti na mkeo, muulize ni kazi gani inamwelemea zaidi, kisha uichukue iwe yako. Usingoje kukumbushwa, na usiirudishe wiki ijayo.

Bwana azibariki nyumba zenu. Amina.